Alama 6 mchana, alama 17 usiku: kisa cha mwanamke anayemuuguza mama yake

Mara ya kwanza alijibu dodoso la dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni inayodumu, saa sita na nusu mchana. Mama yake alikuwa kitini pembeni, na wifi yake ndiye aliyeshika simu na kumsomea maswali kwa sauti, maana mikono yake mwenyewe ilikuwa na povu la sabuni. Akapata alama 6. Programu ikamshukuru, ikamwambia dalili zake ni hafifu, ikamwelekeza kwenye kurasa za kujisomea. Siku tisa baadaye akakifungua kiungo kilekile mwenyewe, saa nane na dakika arobaini usiku, akiwa amekaa sakafuni nje ya mlango wa choo akimsubiri mama atoke. Akapata 17.

Katika siku hizo tisa mama hakuzidiwa, wala yeye hakupatwa na jambo jipya. Kilichobadilika ni nani alikuwa karibu alipojibu, na alidhani anaulizwa habari za nani. Kisa hiki nakieleza, kama mshauri aliyemfuatilia, kwa sababu hiyo hasa. Mlezi mwenyewe nimemshona kutokana na mambo yanayojirudia kwa walezi wengi, kwa hiyo asitafutwe mtu mmoja nyuma yake, wala alama zake zisichukuliwe kuwa takwimu.

Ana miaka 52. Alihamia kwa mama yake miaka minne iliyopita, baada ya mama kutoka nyumbani na kushindwa kurudi. Mwaka mmoja baadaye madaktari walithibitisha kuwa ni Alzheimer, ambayo ndiyo aina inayoongoza ya dimensia, yaani kufifia kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Alikuwa fundi cherehani mwenye wateja wake. Ana kaka mmoja, anayeishi na mke wake mbali kidogo. Mama anakula kwa kubembelezwa, anaamka usiku mara tatu au nne, na jua likizama huanza kutafuta pochi yake na kuuliza ni nani ameiiba. Mwizi huwa ni bintiye.

Dodoso lilivyojibiwa

Dodoso lililotumika ni PHQ-9, lililochapishwa mwaka 2001 na Kroenke, Spitzer na Williams. Lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, na kila swali lina alama kuanzia 0, yaani hata kidogo, hadi 3, yaani karibu kila siku. Jumla ya juu kabisa ni 27. Kuanzia 5 dalili huitwa hafifu, kuanzia 10 za wastani, kuanzia 15 nzito kiasi, kuanzia 20 kali. Katika utafiti ule wa kwanza, kikomo cha 10 kiliwanasa asilimia 88 ya waliokuwa na sonona kubwa na kuwaacha asilimia 88 ya wasiokuwa nayo. Kwa maswali tisa hayo ni mavuno mazuri. Lakini dodoso ni chujio tu. Anayeamua kama mtu ana sonona ni binadamu aliyekaa naye na kumsikiliza.

Chujio hili lilivuja mahali pasipotarajiwa. Kiungo kilitumwa na kliniki anakotibiwa mama, kwenye namba iliyoandikishwa kwa jina la mama. Nilipompigia simu na kumuuliza kuhusu swali la hamu ya kula, akacheka kidogo: “Hilo nilijibu la mama. Nilidhani mnamuulizia yeye.” Swali la kulala nalo alilijibu nusu kwa nusu, mama amelalaje na yeye amelalaje. Alipofika kwenye swali la kujiona umeshindwa au umewaangusha watu wako, wifi yake alikuwa ameshaanza kumjibia: “Wewe? Wewe unajitahidi sana.” Ikawekwa sifuri.

Sina ugomvi na wifi. Ugomvi wangu ni na sisi tunaotengeneza mifumo hii. Mtu ambaye kwa miaka minne kila fomu aliyojaza ilimhusu mtu mwingine, akipewa fomu nyingine ataijaza vilevile. Sentensi moja juu ya ukurasa, “Maswali haya yanakuhusu wewe unayeuguza, si mgonjwa wako, jibu ukiwa peke yako,” ingetosha. Haikuwepo. Isitoshe, ujumbe wa kukumbusha ulijitokeza kwenye kioo cha simu ukitaja sonona waziwazi, na simu hiyo hushikwa na kila aliyemo ndani.

Majibu ya usiku yalisimama hivi: kukosa raha katika mambo 2, huzuni 2, usingizi 3, uchovu 3, kula 2, kujilaumu 3, umakini 1, kupooza au kuhangaika mwilini 0. Na swali la tisa, lile la kuona afadhali ungekuwa umekufa au kufikiria kujidhuru: 1. Siku kadhaa.

Swali la tisa

Programu ilifanya ilichofundishwa. Ilionyesha papo hapo namba za dharura na kutuma taarifa kwa mshauri wa zamu. Zamu ilikuwa yangu, na niliiona taarifa saa moja asubuhi. Nikapiga simu. Mfumo unaouliza swali la tisa bila kuwa na mtu wa kupiga simu siku hiyohiyo, kwa maoni yangu, haujapata haki ya kuliuliza.

Nilimuuliza bila kuzungusha. Huwa unawaza nini hasa? “Nalala natamani kusikuche.” Umewahi kupanga namna? Hapana. Kuna kitu nyumbani unachoweza kukitumia? Kimya, halafu: dawa za mama. Nikauliza na lile ambalo wengi wetu hulikwepa: kuna wakati umeona afadhali muondoke wote wawili? Alikaa muda mrefu. Akasema hapana, ila amewahi kumshika mama mkono kwa nguvu mpaka ukabaki na alama ya vidole, na tangu siku hiyo haogopi tena mama, anajiogopa yeye. Kumbe zile alama 3 za kujilaumu zilitoka hapo.

Nini kinakuzuia? “Mama atabaki na nani?”

Washauri wachanga wakisikia jibu hilo huandika kwamba kuna kinga, yaani kitu kinachomzuia mtu asijidhuru, wakafunga faili. Kinga ipo kweli. Ila tazama imeegemea wapi: kwa mtu ambaye ugonjwa wake unaendelea mbele kila mwezi. Siku mama atakapokufa, au atakapopelekwa kwenye nyumba ya matunzo, nguzo hiyo inaondoka pamoja naye. Kwa hiyo katika mpango wa usalama tulitafuta nguzo nyingine: rafiki mmoja wa kazini zamani aliyekubali kupigiwa usiku, namba ya zamu yetu, na kisanduku cha kufuli kwa ajili ya dawa, ufunguo ukikaa kwa kaka, ambaye angetoa dawa za wiki moja kwa wakati. Kisanduku kilikuwa na faida mbili, maana mama naye alikuwa ameanza kujipimia vidonge mwenyewe.

Mzigo ni upi, ugonjwa ni upi

Swali linaloumiza kichwa kwa kila anayempima mlezi ni hili: usingizi 3 na uchovu 3 ni alama 6 kati ya 17. Mtu anayeamshwa mara nne kila usiku atachoka hata akiwa na furaha ya harusi. Je, tunapima sonona au tunapima usiku wa mama?

Kuna swali dogo linalosaidia kutenganisha: mama akilala usiku mzima, wewe unalala? Akanieleza kuhusu usiku ambao kaka yake alilala pale na kuchukua zamu. Mama hakuamka hata mara moja. Yeye aliamka saa tisa, akakaa kitandani akisikiliza kimya, moyo ukimwenda mbio, mpaka kukapambazuka. Usingizi ule haukuwa umeibwa na mama tena, ulishaondoka wenyewe. Na hata ukizitoa zile alama 6 zote, zinabaki 11, bado juu ya kikomo.

Lilikuwepo na jambo la tatu, ambalo halina swali lake kwenye PHQ-9. Mama humwita “dada”, akimchanganya na dada yake aliyekufa siku nyingi. Mtaalamu wa tiba ya familia wa Marekani, Pauline Boss, aliitolea hali hii maelezo ambayo walezi huyaelewa kabla hujamaliza kuyatamka: mtu yupo kimwili, lakini hayupo. Ni msiba usio na maziko. Huzuni yake si ugonjwa, na hakuna vidonge vya kuiondoa. Lakini ikikaa muda mrefu bila mtu wa kuisikia, sonona huota juu yake kama ukungu juu ya ukuta wenye unyevu.

Alipelekwa kwa daktari pia. Hakuwa amepimwa chochote kwa miaka mitatu, ilhali hajawahi kukosa hata kliniki moja ya mama. Damu, tezi ya shingo na shinikizo la damu vilikuwa sawa. Hakuwa na historia ya vipindi vya msisimko uliopitiliza, jambo linaloulizwa kabla mtu hajaandikiwa dawa za sonona. Daktari alimpa chaguo la dawa. Akaomba aanze na mazungumzo. Wakakubaliana kuangalia tena baada ya wiki nne.

Wiki nane kwenye simu

Tiba yenyewe ilikuwa masomo 8 ya mtandaoni yaliyojengwa juu ya tiba ya fikra na tabia, na kila zoezi kujibiwa na mshauri kwa maandishi. Njia hii haikuokotwa barabarani. Uholanzi walijaribu mpango wa aina hiyo, masomo 8 na moja la kukumbushia, mwanasaikolojia akijibu mazoezi. Utafiti wake wa mwaka 2015, wenye walezi 245, ulionyesha sonona na wasiwasi vikipungua. London, mwaka 2013, Gill Livingston na wenzake walitoa matokeo ya vikao 8 vya ana kwa ana kwa walezi 260, vikiendeshwa na wahitimu wa saikolojia ambao hawakuwa wataalamu wa tiba, na vilisaidia. Tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani nalo lina iSupport, yenye sehemu 5 na masomo 23 ya kumfundisha mlezi kazi yake na kujitunza. Naipenda na huwapa wengi. Kwa mtu mwenye 17 na swali la tisa limewekwa alama, nisingemwachia hiyo peke yake. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2021, uliokusanya majaribio 36, ulionyesha kwamba mwenye dalili hafifu hupata karibu nafuu ileile akijisomea peke yake, lakini mwenye PHQ-9 inayozidi 9 hunufaika zaidi akiwa na mtu wa kumwongoza.

Somo la kwanza lilimkasirisha. Lilimtaka aorodheshe mambo matano yanayompa raha na kuyapangia muda ndani ya wiki. Akaandika neno moja kwenye kisanduku cha jibu: “Lini?” Alikuwa na haki. Tukaanza upya kwa kumuuliza cherehani iko wapi. Ipo, akasema, kona ya chumba, imefunikwa. Juu yake kuna pakiti za nepi za watu wazima, glavu na mafaili ya kliniki. Zoezi la wiki ya kwanza likawa kuondoa vitu juu ya cherehani. Basi. Asishone. La wiki ya pili, atunge uzi kwenye sindano na kupiga mshono mmoja mrefu juu ya kitambaa kibovu, dakika kumi, mama akiwa amekaa kando na bakuli la vifungo avipange kwa rangi.

Mama alitia kifungo mdomoni. Tukabadilisha, akapewa vipande vya kitambaa vya kukunja. Alivikunja, akavikunjua, akavikunja tena kwa nusu saa nzima, na kwa nusu saa hiyo hakuna aliyeitwa mwizi.

Wiki ya tatu nilikosea mimi. Alikuwa ameandika kwenye zoezi la fikra: “Mtoto mwema hamfokei mama yake.” Nikamjibu kwa kurasa tatu, nzuri kweli kweli, zenye mifano. Hakuzifungua. Halafu akaniambia huwa anasoma akiwa chooni, na humo ana dakika nne. Tangu hapo kila jibu langu lilikuwa mistari sita isiyozidi, na la kwanza lilikuwa swali: ungemwambia nini rafiki yako aliyeamshwa mara nne, akaitwa mwizi, akafoka? Alijibu kesho yake: “Ningemwambia akapumzike.” Hakuongeza kitu, nami sikuongeza.

Kipimo cha wiki ya nne kilitoa 14. Swali la tisa lilikuwa 0, kama lilivyokuwa tangu wiki ya tatu. Hapa ndipo penye mjadala. Kwenye PHQ-9, kushuka kwa alama 5 ndiko huhesabiwa kuwa badiliko lenye maana. Yeye alikuwa ameshuka 3. Daktari na yeye wakaamua kuongeza wiki mbili kabla ya kuanza dawa. Niliunga mkono, lakini sikulala vizuri. Kama swali la tisa lingebaki hata kwenye 1, ningesukuma dawa zianze siku hiyo.

Halafu akapotea. Siku kumi na moja hakuingia kwenye programu. Mfumo ulimtumia jumbe tatu za “tumekukosa”, zile zenye picha ya ua. Niliyempata kwenye simu alikuwa mtu aliyekesha siku nne: mama alibadilika ghafla, akaona watu ukutani, akasahau hata njia ya kwenda chooni. Yeye alidhani dimensia imeruka hatua. Dimensia ya Alzheimer haibadiliki ndani ya siku mbili. Ikionekana imebadilika hivyo, tafuta maambukizi, dawa mpya, kukosa maji mwilini, maumivu. Ilikuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Alitibiwa, na ndani ya wiki mbili akarudi karibu na pale alipokuwa. Takwimu za mfumo zingemwandika huyu mlezi kuwa ameacha tiba. Hakuacha, alikuwa kazini.

Masomo ya tano na ya sita yalihusu jioni. Akaacha kujitetea kuhusu pochi. Kubishana na mtu ambaye ubongo wake umeshatunga jibu ni kumwaga maji kwenye mchanga. Akajifunza kusema, “Twende tukaitafute, mama,” na akanunua pochi ya pili inayofanana na ile, anayoificha mahali pa kupatikana. Kelele hazikuisha, zilifupika.

Kilichobaki ni usiku. Kwenye kundi la WhatsApp la familia kaka alikuwa akiandika kila asubuhi, “Mungu akuzidishie dada yetu,” na mikono miwili ya kuomba. Naye hujibu, “Amina, nisaidieni jamani.” Tukaifanyia kazi sentensi hiyo moja kwa kikao kizima. Ikawa: “Kaka, naomba ulale hapa Ijumaa na Jumamosi, kuanzia saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi.” Kaka alisoma, akakaa kimya siku mbili, akakubali Ijumaa. Jumamosi ikachukuliwa na wifi, yuleyule. Baada ya Ijumaa yake ya kwanza kaka alimpigia dada yake saa mbili asubuhi akauliza, kwa sauti ya mtu aliyepigwa na butwaa, “Hivi ndivyo kila siku?”

Mwisho wa wiki ya sita PHQ-9 ilikuwa 11, na mjadala wa dawa ukawekwa kando. Wiki ya nane, 9. Miezi mitatu baadaye, 7. Kwa kuwa sasa najua saa ya kujibu ina maana gani, nilimwomba kipimo kile cha miezi mitatu akijibu mara mbili, mchana na usiku wa manane. Cha usiku hakikuja. Nilipomuuliza, akasema alikuwa amelala.

Kuna hesabu nyingine ambayo haikusogea hivyo. Tulimpima pia kwa dodoso la Zarit la mzigo wa kuuguza, maswali 22, jumla ya juu 88. Alianza na 51, akamaliza na 47. Mama hakupona, nepi hazikupungua, na swali la fedha limebaki lilivyo. Nilipomwonyesha namba hizo mbili kando kwa kando, hakushangaa. “Mzigo ni uleule,” akasema. “Ila sasa naubeba nikiwa na miguu.”

Faili lake halijafungwa. Lina tarehe za kupimwa kila baada ya miezi mitatu, na chini yake kuna mstari niliomwomba aujaze mwenyewe: nani ampigie simu kila siku kwa wiki sita, mama akishaondoka. Aliuangalia muda, akaandika jina la wifi yake, na la kaka chini yake. Safu ya tarehe tumeiacha wazi.